Mgeni Alipimwa Kwanza

Kabla hujayasikia kwa wengine, acha niyaseme mwenyewe. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania mabondia wapimwe uzito asubuhi ya siku ya pambano, wote wawili kwa wakati mmoja. Na mimi ndiye niliyevunja kipengele hicho kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenishika mkono wala aliyenilewesha. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai, nimevaa koti langu la baridi, nikavunja.

Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga hapa Gitting. Ngumi nilipiga zamani, nikaacha meno mawili huko nilikozipigia, nikarudi mlimani kusaga mahindi ya watu. Ukikaa na mahindi miaka mingi unajifunza jambo moja kuhusu maji: yana uzito, na watu wanalijua hilo. Anayetaka kuuza gunia analinyunyizia maji jioni, na asubuhi mizani inasoma anavyotaka yeye. Bondia anafanya kinyume chake. Anajikausha, anapima akiwa mkavu, kisha anakunywa na kula mpaka anakuwa mtu mwingine. Akipimwa siku moja kabla, ana mchana na usiku mzima wa kurudisha maji yote aliyoyatoa. Kwenye karatasi wanapigana watu wawili wa kilo hamsini na saba, lakini ulingoni unamkuta mmoja ana hamsini na tisa na mwenzake sitini na tatu. Ngumi haisomi karatasi.

Ndiyo maana nilitaka siku ile ile. Kocha wa upande wa pili, mtu wa Dar es Salaam, alinicheka kwenye simu. Akasema siku hizi dunia nzima wanapima siku moja kabla, mabondia wapate kupumzika. Nikamwambia dunia nzima haisagi mahindi. Wapo pia wanaosema kupima siku ya pambano ni hatari zaidi, kwa kuwa mtu mbishi atajikausha hivyo hivyo na atapanda ulingoni akiwa mkavu. Sina ubishi nao, nimeshaona. Nilichotaka mimi ni kwamba kama ni ukavu, wawe nao wote wawili, na kama ni maji, wawe nayo wote wawili. Tulibishana wiki mbili. Mwishowe wakasaini: uzito kilo hamsini na saba, kupima Jumamosi saa mbili asubuhi, pambano saa kumi na moja jioni uwanjani Katesh.

Bondia niliyekuwa namfundisha alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mdogo, mtoto wake pekee. Mume wa dada alishatangulia miaka ya nyuma. Tope la mlima lilipoteremka Jorodom likaondoka na nyumba yao, nikawaleta wote wawili kwangu, nikawapa chumba cha nyuma ya mashine. Kijana alikuwa na miaka ishirini na mbili wakati huo, na tayari alikuwa na mikono mizuri. Alifanya mazoezi kwenye stoo, kati ya magunia, na pumba zikimwingia puani. Dada yangu hakupenda ngumi hata kidogo. Alikubali kwa ahadi moja tu aliyotaka nimpe, tumekaa jikoni. Hakuniomba ushindi. Aliniomba nimrudishie mtoto akiwa na akili zake zote, maana alishawaona wazee wa ngumi wanaotetemeka mikono na kusahau majina ya wake zao. Nikamwahidi.

Mgeni aliwasili Alhamisi jioni na kocha wake, kwa basi la kutoka Dar mpaka Katesh, halafu pikipiki mbili kuwapandisha mlimani. Ningeweza kumwacha alale gesti pale Katesh. Lakini mtu amesafiri kuja kupigana na mtoto wako, halafu umwache gesti? Watu wangesema tunamwogopa, au tuna roho mbaya. Kwetu mgeni ni wa nyumba, hata kama amekuja kukupiga ngumi. Dada yangu alitandika kitanda chake mwenyewe kwa ajili yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema, na alikuwa anatabasamu.

Alikuwa kijana mpole, mrefu, mabega mapana. Nilimtazama mara moja nikajua huyu kwao hana kilo hamsini na saba, labda sitini na nne. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yameingia ndani. Akamwamkia dada yangu shikamoo kwa sauti iliyokauka. Nilifurahi, nakiri. Nilisema moyoni: huyu ameshajikausha kwa ajili ya Jumamosi, na Jumamosi hatakuwa na muda wa kujijaza. Kipengele changu kinafanya kazi. Mpwa wangu alikuwa mtu wa kilo sitini wa kawaida, alikuwa ameshuka taratibu kwa kupunguza ugali, na alikuwa amebakiza kilo moja na nusu tu. Kwa mara ya kwanza nililala bila kuwaza.

Kilichotushinda ni sahani.

Dada yangu alikuwa amechinja kondoo. Akaweka mezani ugali, nyama, mboga na maziwa ya mgando. Mgeni akatazama chakula, akaeleza kwa adabu kwamba hawezi kula wala kunywa mpaka apimwe Jumamosi. Dada alijua habari za kupima, amemwona mwanawe akijinyima. Lakini mwanawe ni wa nyumbani. Majirani walikuwa wamekuja kumsalimia mgeni wa mjini, wamejaa sebuleni, na wote waliona sahani ikirudi jikoni imejaa. Huku kwetu sahani ya mgeni ikirudi imejaa ina maana moja. Mgeni anakuogopa. Anadhani umeweka kitu. Na huyu mwenye jiko ndiye mama wa bondia anayepigana naye keshokutwa.

Ijumaa asubuhi, dada alipokwenda bombani kuchota maji, mama mmoja jirani alimwuliza mbele ya wenzake kama ni kweli mgeni anakiogopa chakula chake. Alimwuliza kwa kicheko. Dada yangu aliacha ndoo pale pale, akaja mashineni kabla sijawasha injini. Dada huyu hakulia siku ile tope lilipochukua nyumba yake. Alilia Ijumaa ile.

"Kaka," akasema, "mgeni akilala njaa kwangu usiku wa pili, mimi hapa sitakaa. Nitaitwa mchawi mpaka nizikwe."

Nilikasirika. Nikasema mengi kuhusu wanawake wa bombani ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikafikiri, na kufikiri kwangu ndiko kulikotuponza. Nikajiambia: mgeni ameshafika uzito, anaonekana kwa macho. Mpime leo, ale, dada apone na maneno ya watu. Sisi tuko nyumbani, hatuna haraka, tutapima kesho kama mkataba unavyosema. Niliona ni ukarimu. Mbaya zaidi, niliona ni ukubwa. Mzee wa mashine ya kusaga, mtu wa milimani, anawaonyesha watu wa Dar ustaarabu.

Nikampigia simu msimamizi wa pambano, aliyekuwa amefikia Katesh. Akapanda na pikipiki. Akasema yeye hana neno, mradi pande zote mbili zikubali na kusaini. Kocha wa mgeni hakuchangamkia kama nilivyotegemea. Alinivuta pembeni, karibu na mfuko wa pumba.

"Mzee wangu, una uhakika? Mkataba ni kesho. Mimi siwezi kukataa, kijana wangu anateseka. Lakini wewe fikiri."

Nikamwambia nimeshafikiri. Yule mtu alinipa nafasi ya kurudi nyuma, na mimi nikaiona kama dharau.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na taulo shingoni. Hakusema mbele ya watu. Huku kijana habishani na mjomba wake, sembuse mjomba na mama wakiwa upande mmoja na mgeni amesimama. Alisubiri nilipoingia kuchukua kalamu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, Mjomba?" Nikamjibu wewe kesho, wewe uko kwenu. Akasema sawa. Kama adabu yake ingepungua kidogo tu, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Mgeni alipanda mizani ya mahindi akiwa na chupi tu, ikasoma hamsini na saba bila nyongeza. Aliposhuka, akakaa chini pale pale sakafuni. Kocha wake akampa maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache, kama unavyomnywesha ndama mgonjwa. Baada ya saa moja akaanza uji. Saa sita mchana akala ugali. Jioni akamaliza nyama ya kondoo iliyobaki, akaomba maziwa tena. Dada yangu alimwongezea mwenyewe, amekaa karibu naye, uso unang'aa. Aliwaita majirani makusudi waje waone sahani nyeupe. Na mimi nilikaa pale nikacheka nao.

Mwanawe alikuwa nje, juu ya gunia tupu, anatafuna bazoka na kutema mate kwenye kopo ili apunguze maji mwilini. Nilimwona. Sisemi sikumwona.

Usiku ule hakunywa kitu. Asubuhi ya Jumamosi alikimbia barabarani amevaa makoti mawili, ukungu wa mlima ukiwa bado chini, na saa mbili akapanda mizani. Hamsini na saba kamili. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Nikampa maji na chumvi na sukari kama nilivyoona yule kocha akifanya, lakini mimi nilikuwa na muda wa saa tisa tu na yule kocha alikuwa na siku nzima na zaidi, na mimi kwa haraka nilimpa mengi kwa mkupuo. Tumbo likakataa. Maziwa ya mama yake aliyatapika nyuma ya mashine. Akajifuta, akaniambia nisimwambie mama.

Ndipo nikamwomba mgeni apande tena mizani. Nilimwambia nataka tu kujua. Hakukataa, wala hakuwa na la kuficha. Akapanda na kaptula yake na soksi, ikasoma sitini na tatu. Nikatoa uzito wa kaptula na soksi kwa hesabu ya kichwani. Sitini na mbili na ushee. Tuliangaliana mimi na kocha wake. Alikuwa ameshasema lake jana.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimamisha pambano. Nimelirudia jambo hili kichwani kila siku, na kila siku nafika hapo hapo. Watu walikuwa wameanza kushuka Katesh, wengine wametoka hata Mbulu, wengine wametembea kutoka tambarare na fimbo zao. Lakini hao si sababu. Sababu ni kwamba sikuwa na maneno. Ningemwambia nini msimamizi? Kwamba mgeni amekula sana nyumbani kwangu? Kwamba nimemlisha mwenyewe halafu sasa nalalamika ameshiba? Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu tulimpa glovu, na nilizifunga kamba huku mdomo wangu umefungwa vile vile.

Raundi tatu za kwanza mpwa wangu alishinda. Nasema kweli, si kwa upendeleo. Alikuwa mwepesi, anapiga na kutoka, na uwanja mzima ulikuwa wake. Raundi ya nne akaanza kusimama mahali pamoja. Kwenye kona nilimgusa ngozi, ilikuwa moto na haina jasho. Mtu aliyepigana raundi nne bila jasho. Nilijua maana yake, nimekuwa bondia. Nikamwuliza tuache? Akasema hapana. Nikamsikiliza yeye, kwa sababu ndilo jibu nililolitaka. Raundi ya sita alikuwa anapigwa na mtu mzito kuliko yeye kwa kilo nne, tano, anaegemewa, anasukumwa na bega, na kila ngumi kichwani ilimhamisha. Taulo la kusimamisha pambano lilikuwa begani kwangu, sikulirusha. Raundi ya nane iliisha akiwa amesimama. Tulipoteza kwa pointi, na watu wakampigia makofi kuliko mshindi.

Mgeni alikuja kumkumbatia. Wakapigwa picha pamoja. Mpwa wangu alikuwa anacheka pichani, ninayo kwenye simu.

Kwenye darasa la shule jirani na uwanja, tulikobadilishia nguo, alisema kichwa kinamuuma. Akakaa kwenye dawati, akatapika, akaniuliza tuko wapi. Akauliza tena. Mara ya tatu hakuuliza, alilala ubavu na jicho moja likabaki wazi. Kocha wa mgeni ndiye aliyetafuta gari, na mgeni mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, kwa nguvu zile zile za chakula chetu.

Hospitalini Haydom walifanya kila walichoweza. Walimpiga picha ya kichwa, wakamfungua fuvu usiku huo huo, wakatoa damu. Daktari, binti mdogo sana wa umri, alinieleza baadaye kwa subira. Nilimwuliza kama ni maji. Akasema hawezi kuapa, mtu yeyote anaweza kuumia hivyo kwa ngumi. Lakini akasema mwili uliokaushwa haurudi kwa saa chache, kichwa ndicho kinachochelewa zaidi, na kichwa kikavu hakivumilii mtikisiko. Alitaka kujua mwenzake alipimwa saa ngapi. Nikamwambia. Akaandika, hakuniangalia.

Wiki tano tulikaa pale na wagonjwa walioshushwa na mabasi kutoka kila upande. Tulirudi na mtu anayetembea, anayekula, anayejua jina lake na la mama yake. Majirani walisema tumshukuru Mungu, na dada yangu akashukuru kanisani kwa sauti. Lakini akili za kijana zimesimama asubuhi ya Ijumaa ile, kabla mgeni hajapanda mizani. Kilichotokea baada ya hapo hakipo, na kinachotokea leo hakikai. Daktari alisema mwaka wa kwanza ndio wa matumaini. Huu ni wa tatu.

Niliandika barua kwa wanaosimamia ngumi. Nilieleza yote, nikajitaja. Nikaomba iwe sheria kwamba mmoja asipimwe bila mwenzake, hata wakubaliane, hata wasaini, na asubuhi ya pambano wote wapande tena mizani, aliyezidi kiasi fulani asipande ulingoni. Sikupata jibu. Mwaka jana pambano lingine lilifanyika Katesh, wakapima kila mtu alipofika. Nilikwenda kuongea na makocha, wakanisikiliza kwa heshima, wakaniamkia, wakaendelea na kazi yao. Sina tena nguvu ya kubishana wiki mbili kwenye simu.

Yule mgeni aliacha ngumi. Hupiga simu sikukuu, anaongea na dada yangu, anamwita mama. Mimi sina kinyongo naye. Alikula alichopewa.

Dada yangu hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Mara moja tu, tunapukuchua mahindi, alisema bila kuinua macho, "Nilimlisha mimi, kaka. Nilimwongezea." Nikamwambia hapana, ni mimi niliyepima. Tukaendelea kupukuchua. Hakuna kati yetu aliyemwamini mwenzake.

Kila asubuhi inakuwa hivi. Dada anamletea mwanawe kikombe cha maji, naye anakataa. Anakataa kwa adabu, anasema bado hajapimwa, akinywa ataharibu. Midomo inapasuka. Mama yake anambembeleza mpaka anachoka, kisha anamtuma mtu mashineni kuniita, kwa sababu bondia anamsikiliza kocha. Nazima injini, nakwenda, nakaa mbele yake.

"Mjomba, tumepima?"

Namwambia tumepima, uzito umefika.

"Na yule mgeni?"

Namwambia naye amepima.

"Lini?"

Hapo dada yangu hutoka nje. Nimewahi kujaribu kumwambia kweli, siku moja tu, na hakunywa kitu mpaka jua likazama. Kwa hiyo sasa namwambia mlipimwa pamoja. Ananitazama machoni, maana mjomba wake hajawahi kumdanganya, kisha anachukua kikombe na kunywa.